Eugene, mji usiopenda kusubiri

MGENI anayefika Eugene, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, siku ya Jumamosi ya majira ya vuli, hana haja ya kuuliza njia ya uwanjani. Anafuata watu tu. Wanatoka upande wa chuo kikuu, watoto wakiwa mabegani, wazee na fimbo zao, karibu wote wamevaa kijani na njano. Wanavuka mto Willamette kwa daraja la waenda kwa miguu, wanapita kwenye miti ya bustani ya Alton Baker, mpaka uwanja wa Autzen unapojitokeza. Mara nyingi mvua inanyesha. Hata hivyo, ni desturi hapa kutangaza kwenye vipaza sauti kwamba Autzen hakunyeshi kamwe, na maelfu ya watu huitikia maneno hayo huku makoti yao yakichuruzika maji.

Huu ni mji wa mbio. Wapenzi wa riadha Afrika Mashariki wanaujua kwa uwanja mwingine, Hayward Field, ulio ng'ambo ya pili ya mto. Hapo ndipo Julai 2025 Faith Kipyegon alipokimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, na siku hiyohiyo Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kumaliza mita 5,000 chini ya dakika 14. Mkenya mwingine, Edward Cheserek, alisoma hapa na kuondoka na mataji 17 ya vyuo vikuu vya Marekani. Na kocha wa riadha wa zamani, Bill Bowerman, aliharibu chuma cha mkewe cha kuokea vikeki kwa kumwagia mpira ndani yake, akitafuta soli nyepesi. Yeye na mwanafunzi wake Phil Knight ndio walioanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Nike.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa sana pale timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo hicho ilipoanza nayo kukimbizana na saa.

Mpira huo una wachezaji 11 kila upande. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kwa desturi, baada ya kila jaribio washambuliaji hukusanyika duara, vichwa vikiwa pamoja, wakaambiana shambulizi linalofuata, ndipo wakajipanga. Sekunde hizo ni riziki kwa walinzi. Wanavuta pumzi, na kocha wao anamtoa mzito na kumwingiza mwepesi kadiri anavyoona inafaa.

Chip Kelly, kocha mkuu wa Oregon kuanzia 2009 hadi 2012, aliliondoa duara hilo. Vijana wake waliinuka na kujipanga palepale. Pembeni mwa uwanja watu waliinua mabango makubwa yenye picha, mgeni akadhani ni darasa la chekechea, kumbe ndiyo maagizo ya kocha. Kabla wapinzani hawajamaliza kuinuana, mpira ulikuwa umeshaondoka. Oregon wana kikaragosi cha bata ambaye, kila timu inapofunga, hupiga pushapu kwa idadi ya pointi zote walizokwisha kupata. Aliyevaa vazi la bata miaka hiyo alikula jasho lake kihalali.

Je, huko ni kucheza kwa haki? Sheria inasema washambuliaji wakibadilisha mchezaji, mwamuzi lazima ausimamie mpira mpaka walinzi nao wapate nafasi ya kubadilisha. Washambuliaji wasipobadilisha, hakuna anayengojewa. Basi wale wanaume wakubwa wa katikati, wengine wenye zaidi ya kilo 130, hubaki uwanjani mikono kiunoni, wakihema, na benchi haliwezi kuwasaidia.

Februari 2014 kamati ya sheria ya vyuo ilipendekeza washambuliaji wazuiwe kuanza katika sekunde 10 za mwanzo za saa ya sekunde 40, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Adhabu ya kuwahi ingekuwa yadi tano kwa kosa la kuchelewesha mchezo. Ndiyo, kuchelewesha! Makocha Nick Saban wa Alabama na Bret Bielema wa Arkansas waliunga mkono, hoja ikiwa usalama wa vijana. Makocha wa timu za kasi walikuja juu, wakidai takwimu za majeruhi. Machi hiyohiyo pendekezo likawekwa kando. Mwaka huohuo, Alabama ya Saban nayo ikaanza kushambulia kwa kasi zaidi.

Hoja ya haki pekee haina nguvu sana. Washambuliaji nao ni walewale 11, nao hawajapumzika. Isitoshe, kasi ina dawa yake. Novemba 2012 Stanford walikuja hapa Autzen, wakaubana mpira polepole, wakashinda 17-14 katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata, kwao, walikaa na mpira zaidi ya dakika 40 kati ya 60, wakashinda 26-20. Oregon hawakuweza kukimbia bila mpira.

Hoja ya usalama ni nzito zaidi, na ndiyo maana ilistahili kuletwa kwa uangalifu. Bielema alipoulizwa ushahidi alitaja cheti cha kifo, akimaanisha kijana wa timu ya California aliyefariki mwezi huohuo. Lakini kijana yule alifia mazoezini, si katika mechi, na baadaye ilibainika kuwa alikuwa amebeba kinasaba cha selimundu. Mtu wa namna hiyo huweza kuwa mzima kabisa, ila juhudi za kupita kiasi bila kupumzika zinaweza kumhatarisha. Bielema alituma rambirambi. Suala la nani apumzishwe, na lini, likabaki mikononi mwa kila timu.

Walinzi nao walijitafutia njia. Mpira ukikaribia kuondoka, mmoja anashika mguu na kulala chini. Mchezo unasimama, wenzake wanakunywa maji, watazamaji wanazomea. Tangu 2025, mchezaji akihudumiwa na madaktari uwanjani baada ya mpira kuwekwa tayari kwa shambulizi linalofuata, timu yake hupoteza nafasi moja ya kusimamisha mchezo, au yadi tano ikiwa haina nafasi iliyobaki.

Kelele za Autzen hazitoki nje kirahisi, maana uwanja umechimbwa kama bakuli. Mzazi aliyesafiri kutoka jimbo jingine hukaa humo katikati ya umati wa kijani na njano. Mwanawe anapolala chini, jirani yake wa kiti anazomea kwa nguvu zote, bila kujua amekaa na nani. Mzazi hajibu. Amesimama, anatazama kama ule mguu unasogea.