Kanisa la Wasafiri Penye Mteremko wa Mai Mahiu

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Nairobi, akiisha kupita Naivasha, aweza kushika njia mbili. Akiifuata ile ya chini, iliyo ya zamani, atauacha mlima Longonot mkono wake wa kuume na kufika mji mdogo wa Mai Mahiu, ambao jina lake kwa Kikuyu ni maji ya moto. Kisha gari litaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na hapo kando ya barabara limesimama kanisa dogo la mawe. Wengi hulipita bila kulitambua.

Kanisa hilo la Kikatoliki lilijengwa mwaka 1942, na waliolijenga hawakuwa watu huru. Walikuwa Wataliani, mateka wa vita. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, pamoja na askari wengi wa Kiafrika wa King's African Rifles, yaani Keya, yaliwashinda Wataliani katika Somalia na Uhabeshi. Maelfu ya mateka waliletwa Kenya na kutiwa makambini. Baadhi yao walipewa kazi ngumu ya kutengeneza barabara hii iteremkayo toka nyanda za juu hadi bondeni.

Watu hao walitoka nchi yenye makanisa makubwa mno. Kusini mwa Italia, mji wa Noto uliangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 1693, ukajengwa upya kwa fahari. Na katika mji wa Lecce kuta za makanisa zimechongwa maua na malaika toka chini hata juu. Watalii husafiri mbali kuyatazama. Lakini penye mteremko wa Mai Mahiu hapakuwa na mfalme wala tajiri wa kulipa gharama. Mateka walijenga kwa kadiri ya uwezo wao, nyumba ambayo ndani yake huenea watu wapatao 12 tu.

Vita viliisha mwaka 1945, na baadaye mateka wakarudishwa kwao. Barabara ilibaki, na kanisa likabaki. Malori mazito yangali yakipita hapo mchana na usiku, na madereva huteremka kwa hadhari, maana mahali hapo pamekwisha kuua watu wengi. Hivyo si ajabu kumwona msafiri akisimama, akaingia na kuomba salama ya safari.

Huenda babu wa msomaji alikuwa miongoni mwa askari waliowateka watu hao. Naye mjukuu leo hupeleka viazi na kabichi zake sokoni kwa barabara waliyoitengeneza. Basi apitaye hapo na aingie kwa heshima, wala asiandike jina lake ukutani. Nyumba hiyo ni ndogo, lakini ni ukumbusho wa watu walionyang'anywa uhuru wao, wasikubali kunyang'anywa imani wala ufundi wao.