Mchunga Ngamia Katika Mji wa Wafalme

Msomaji wangu, wanafunzi wangu wameniomba mara nyingi niwasimulie siku ile niliyoyaona majumba ya wafalme wa Uchina, nami kila mara nimewapa nusu tu ya habari. Nusu ya pili niliionea haya. Leo naiandika yote, kwa kuwa karatasi haimkodolei mtu macho kama yanavyofanya macho arobaini ya darasa.

Mimi ni mtu wa Hadado, mji mdogo ulioko magharibi ya Wajir. Baba yangu alikuwa mchunga ngamia, na babu yangu vile vile. Kwetu ardhi ni tambarare, vumbi ni jekundu, migunga ni mifupi, na habari kubwa ya kila siku ni maji: yako wapi, yamebaki kiasi gani, na ni nani aliyeyafikia kwanza. Niliingia shule nikiwa mkubwa kidogo, nikawa mwalimu, na baada ya miaka mingi ya chaki nilichaguliwa pamoja na walimu wengine kwenda Beijing kwa mafunzo ya majuma machache. Jumamosi moja tuliachwa huru. Wenzangu walipanda basi la watalii. Mimi nikakodi gari na kiongozi wangu peke yangu. Gharama yake ilikuwa bei ya mbuzi watatu, nami niliwahesabu mmoja mmoja nilipokuwa nikilipa. Lakini nimekwisha kuona kwamba katika kundi kubwa mtu husikia nusu ya maneno na kuona visogo vya wenzake.

Kiongozi wangu alikuwa mwanamke kijana aliyejifunza Kiswahili katika chuo kikuu cha mjini humo. Usistaajabu, msomaji; redio ya Uchina imekuwa ikitangaza kwa lugha yetu tangu mwaka 1961, na watangazaji wake Wachina hawakushushiwa lugha hiyo kutoka mbinguni. Aliniita Mwalimu tangu salamu ya kwanza, nami nikamwita Dada. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Mimi nilizaliwa katika Kisomali, nikajifunza Kiswahili kwa kiboko. Yeye alikuwa amekipenda.

Tuliondoka alfajiri. Ukuta Mkuu tuliuona huko Badaling, mwendo wa kilomita sabini hivi kutoka mjini, mahali palipofunguliwa kwa wageni katika miaka ya 1950 kabla ya sehemu nyingine zote. Sitakuchosha kwa kueleza ukubwa wake, kwani picha zake umeziona. Nitakuambia jambo ambalo picha haisemi: ukuta ule ni mkali kwa miguu. Hupanda mlima kama ngazi ya mnara, na aliyezoea nchi tambarare kama mimi husimama kila hatua thelathini na kujifanya anatazama mandhari.

Katika moja ya vituo hivyo vya unafiki nilimwuliza Dada ukuta huu ulijengwa dhidi ya nani. Akanyosha mkono kaskazini, kwenye vilima vya rangi ya majivu, akasema, "Dhidi ya wafugaji, Mwalimu. Watu waliohamahama na wanyama wao."

Nilicheka, naye hakujua kwa nini. Akaendelea kunieleza. Ukoo wa Ming uliwaondoa watawala wa Kimongoli mwaka 1368, na tangu hapo hofu yake kubwa ilikuwa ni watu wa nyikani. Mwaka 1449 wafugaji hao walimteka mfalme mwenyewe vitani, si mbali sana na mahali tuliposimama. Ndipo kuta zikazidi kujengwa na kuimarishwa, jiwe juu ya jiwe, hata vipimo vya siku hizi vikaonyesha kwamba kuta na vizuizi vya Ming vina urefu wa kilomita 8,850. Na mwisho wake ulikuwaje? Mwaka 1644 Wamanchu waliingia kwa njia ya lango. Jemadari aliyewekwa kulilinda aliwafungulia.

Nikiwa nimesimama pale nilimkumbuka babu. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoiwezesha kufunga wilaya za pembeni, na nchi yetu, iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikafungwa. Mgeni hakuingia bila ruhusa, wala mwenyeji hakutoka bila hati. Hapakuwa na jiwe hata moja, karatasi ilitosha. Babu alizoea kusema kwamba ngamia wake walikuwa na akili kuliko askari, kwa sababu ngamia alifuata mvua na askari alifuata mstari asiouona. Basi nilijua upande gani wa ukuta ule ningekuwako kama ningalizaliwa zama zile.

Hapo ndipo Dada aliponiuliza swali ambalo kiongozi yeyote mwenye adabu humwuliza mgeni wake. "Na kwenu, Mwalimu, kuna nini cha kutazama?"

Nikajibu, "Hakuna kitu. Ni nyika kavu tu."

Ndiyo nusu ninayoificha darasani. Sikulazimishwa kusema hivyo, wala sikuwa na haraka. Nilikuwa juu ya jengo la wafalme, mbele yangu milima, chini yangu matofali yasiyohesabika, na maneno yale yalitoka kinywani kwa urahisi kama mtu anavyotema kokwa. Yeye aliitikia kwa heshima, akabadili mazungumzo.

Tulishuka, tukaelekea bondeni kwenye makaburi ya Ming, ambamo wamezikwa wafalme kumi na watatu. Tulikwenda kwa miguu katika ile njia waiitayo Njia Takatifu. Msomaji, ukipata kwenda, usiipite kwa gari. Ni barabara iliyonyoka kati ya miti, na kila upande wamepangwa wanyama wa mawe, jumla yao ishirini na wanne, kila mmoja amechongwa katika jiwe moja: simba, tembo, farasi, na wengine. Kila aina wako wanne, wawili wamesimama na wawili wamepumzika chini.

Wa tatu katika safu walikuwa ngamia.

Sikutaraji. Walikuwa na nundu mbili, kama walivyo ngamia wa Asia, ila ngamia ni ngamia. Yule aliyepiga magoti alikunja miguu yake ya mbele sawasawa kama inavyokunjwa, na shingo yake ilikuwa na ule ukaidi. Aliyemchonga hakuwa amesimuliwa habari za ngamia, alikuwa amemwona. Nilikwenda nikauweka mkono juu ya goti lake, mahali pa sugu. Mlinzi akanitazama vibaya, nami nikauondoa.

Mbele kidogo alikuwako mnyama nisiyemjua. Mwili wake umechongwa magamba, miguu yake ina kwato, kichwa chake kimefanana na joka. Dada akaniambia kwamba huyo ni qilin, mnyama wa hadithi ambaye Wachina wa kale waliamini kwamba hatokei ila katika zama za mfalme mwema. "Lakini mfalme aliyezikwa mwisho wa njia hii," akasema, "alimpata aliye hai. Alitoka kwenu, Afrika. Ninyi mnamwita twiga."

Mfalme huyo ni Yongle, aliyefariki mwaka 1424. Ndiye aliyezipeleka merikebu za Zheng He katika bahari ya magharibi. Safari zote zilikuwa saba, kuanzia mwaka 1405 hata 1433. Mwaka 1414 mfalme wa Bengala alimpelekea twiga, na mwaka uliofuata twiga mwingine akaletwa kutoka Malindi. Watu wa baraza walipomwona mnyama mrefu, mpole, mwenye kwato, asiyekula nyama wala kumdhuru mtu, walisema kwamba qilin ameonekana. Mfalme alitoka mpaka lango la kasri kumpokea. Shen Du, mwandishi hodari wa khati, alimtungia sifa, na picha ya mnyama huyo, ameshikwa kamba na mtunzaji wake, imenakiliwa mara nyingi. Nakala moja iko Taipei na nyingine Philadelphia.

Wapo wataalamu wanaodhani kwamba mambo hayo yalisaidiwa na neno. Sisi Wasomali twamwita twiga *geri*. Mabaharia walipolisikia jina hilo katika pwani zetu, masikio yao yalisikia jina la mnyama wao wa heri. Sijui lugha za kale kiasi cha kuwa hakimu katika shauri hilo. Lakini nililitamka neno lile kwa sauti, geri, mara mbili, mbele ya yule mnyama wa jiwe, na Dada akalirudia kwa ulimi wake, nalo kinywani mwake likawa karibu sana na la kwao.

Nikamwambia, "Dada, wanyama hawa wako kwetu Hadado."

"Hao twiga?"

"Hao. Wana madoa yaliyogawanywa na mistari myeupe kama wavu. Wanapatikana kaskazini ya Kenya, na kidogo Ethiopia na Somalia. Hupita nyuma ya shule yangu."

Akanitazama. Hakusema, "Lakini uliniambia hakuna kitu." Wachina ni watu wa adabu, angalisema ningefarijika. Aliniomba tu nimwonyeshe picha.

Katika simu yangu ilikuwamo picha moja tu ya twiga, nami nilisita kabla ya kuitoa. Niliipiga wakati wa ukame ule ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo mvua za misimu mitano zilitukosa mfululizo. Twiga yule alikuwa amelala ubavu kando ya njia, shingo imenyoshwa mchangani, ngozi imekauka juu ya mbavu, na madoa yake bado mazuri. Labda umepata kuona picha nyingine iliyoenea duniani mwezi wa Desemba 2021, ya twiga sita waliokufa karibu na kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya Sabuli, huko huko Wajir. Walikuwa wamekwenda kunywa katika lambo lililokaribia kukauka, wakanasa katika tope, wala nguvu za kujinasua hawakuwa nazo.

Dada aliishika simu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Hapakuwa na mtu wa kumpa maji?"

Nilimweleza kwamba siku zile sisi wenyewe tulingoja malori ya maji, na kwamba mama yangu alikuwa akimgawia mbuzi wake wa mwisho maji ya kunawia. Nilimweleza kwamba wengine walimwaga kidogo katika karai nje ya boma usiku, kwa ajili ya kila chenye roho, na asubuhi walikuta karai kavu na nyayo kubwa. Niliyasema hayo yote kwa haraka, kama mshitakiwa. Na kweli sikuwa nikimjibu yeye peke yake. Nilikuwa nikimjibu yule mtu wa ukutani aliyesema hakuna kitu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tuliufikia Mji Uliokatazwa mchana, tukiwa na tiketi zilizonunuliwa mapema kwa hati yangu ya kusafiria, kwani huwezi kufika na kuingia hivi hivi. Nimeona kuta nyekundu, mapaa ya manjano, viwanja vya mawe ambamo kijiji chetu kizima kingesimama na nafasi ikabaki. Wafalme ishirini na wanne walikaa humo, na wa mwisho aliondolewa mwaka 1924. Mwaka uliofuata kasri likafunguliwa kuwa makumbusho. Watu husimulia kwamba vyumba vyake ni 9,999 na nusu, kwa kuwa vya mbinguni ni elfu kumi na mfalme hakuthubutu kulingana na mbingu. Waliovihesabu wanasema havifiki elfu tisa. Napenda zaidi hesabu ya wasimulizi.

Kwenye lango moja kubwa Dada alisimama akaniambia, "Labda ni hapa alipompokea." Nilitia hesabu kichwani. Kasri lile lilikamilika mwaka 1420, miaka mitano baada ya twiga wa Malindi, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kwato zake ziliyakanyaga mawe yale. Sikumsahihisha. Alikuwa akinitafutia mahali pa kusimama katika mji ule, nami nilisimama. Hekalu la Mbinguni, ambako wafalme walikwenda kuomba mavuno mema, na mvua pia ilipokawia, hatukuwahi kulifikia. Jua lilikuwa limekwisha kushuka. Hilo tu ndilo ninalolijutia. Ningependa kuona mahali ambapo mtu mwenye vyumba vile vyote alipiga magoti kwa ajili ya mvua, kama tufanyavyo sisi uwanjani Hadado, wazee mbele na watoto nyuma.

Tulipoagana mlangoni pa hoteli aliniomba jambo moja: nikirudi, nimpelekee picha ya twiga aliye hai.

Ilinichukua miezi miwili. Mvua zilikwisha kurudi, na lambo la upande wa machweo lilikuwa na maji. Nilikwenda alfajiri tatu nikakaa chini ya mgunga, na wachungaji waliopita waliniuliza kama nimepotelewa na mnyama. Siku ya nne walikuja wawili, jike na ndama wake. Yule mkubwa alitanua miguu ya mbele kama wafanyavyo wakitaka kunywa, akainama, akainuka, akaninusa kwa mbali, akainama tena. Nilipiga picha mikono ikitetemeka. Haikuwa picha nzuri. Tawi lilikikata kichwa cha ndama, na mbele yake lilionekana dumu la plastiki lililoachwa na mtu. Niliipeleka hivyo hivyo.