Mpini na Mkaa

Msuka, noleo, ulindi, uwimbombo: haya ni maneno manne ambayo msomaji wa mjini huenda akayakuta kamusini tu. Msuka ni ncha ya nyuma ya kisu, ile izamayo ndani ya mpini. Noleo ni pete ya chuma iukazayo mpini mdomoni usipasuke. Ulindi ni kijiti kigumu kizungushwacho baina ya viganja juu ya mti laini, uwimbombo, hadi unga wake mweusi ufuke moshi. Huko Mikese, mashariki ya mji wa Morogoro, yuko mzee ambaye maneno hayo yangali kinywani mwake kila siku, kwani ndiyo kazi yake.

Wateja wake ni wakulima wenye mapanga yaliyovunjika mipini, na mara mojamoja mpanda milima aelekeaye Uluguru, atakaye kisu cha porini chenye mpini wa kipimo cha kiganja chake. Kipimo hicho mzee hakipati kwa rula. Humwambia mtu akamate kijiti kilichopakwa masizi, kisha husoma mahali vidole vilipoyafuta.

Kwa mti wa kawaida, msuka hutiwa motoni ukawa mwekundu, ukajichomea njia wenyewe. Mpingo haukubali utani huo; hupasuka. Huo hutobolewa kwa kekee, polepole, kisha tupa, kisha msasa. (Hata msasa asili yake ni mti: majani yake yenye kukwaruza ndiyo yaliyolainisha mbao kabla ya karatasi za dukani.) Mpingo ni mzito hata huzama majini, na ndio huo huo wanaochongea klarineti na obo huko Ulaya. Huchukua miaka 70 na zaidi kabla ya kufaa kuvunwa.

Na hapo ndipo penye mgogoro. Ukingoni mwa shamba la ukoo umesimama mpingo mmoja mkongwe. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mrithi wa mzee si mwanawe bali mpwa wake. Na mpwa amepata mnunuzi wa mkaa mwenye fedha taslimu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hudai kibali. Mnunuzi hakukitaja.

“Mjomba, ada ya chuo ya mdogo wangu inadaiwa,” alisema kijana.

“Mpwa wangu, gunia la mkaa litapika maharage ya siku ngapi?”

“Na wewe mwezi huu umeuza mipini mingapi?”

Mzee hakujibu. Ilikuwa miwili. Hoja ya kijana si ya kudharauliwa. Ni rahisi kuuhurumia mti kwa mtu asiyedaiwa ada.

Jioni mzee alikata tawi moja lililokauka, akampa kijana bila neno. Kijana alilipima uzito mkononi, akalipaka nta ncha zote mbili, akaliweka chini ya upenu, kivulini, mahali litakapokaa mwaka mzima kabla ya kuguswa na kekee. Mnunuzi ameahidi kurudi Ijumaa.