Nilivyomfumba Mume Wangu Macho

Ugomvi wetu ulianza na bati. Mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzi wako mmewahi kujenga, najua hapo umeshatabasamu. Nyumba yetu ya hapa Korogwe ilikuwa imeezekwa nusu, upande wa sebuleni ukikaa unaangalia nyota, na sisi bado tumepanga. Ndipo mume wangu akarudi kutoka safari ya Dar na chupa moja ya bourbon, Maker's Mark, ile yenye nta nyekundu shingoni. Nilipoiona risiti nikapiga hesabu haraka haraka: mabati manne, na chenji ya misumari.

Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu akaniambia maneno yaliyonichoma kuliko hata bei: "Wewe hivi vitu huvielewi. Mimi hii naitambua hata gizani."

Hata gizani! Haya bwana. Nikamwambia Jumamosi tunaita watu, tunafumba macho, tunaonja. Ukiitambua, sifungui tena mdomo kuhusu chupa. Ukikosa, chupa ijayo ni bati.

Kwa wasioijua, bourbon ni wiski ya Marekani, na mwaka 1964 Bunge la nchi ile lilitamka rasmi kwamba ni kinywaji chao, mwingine asilitumie jina hilo. Sheria yao inataka angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, kisha ilazwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa kwa ndani. Rangi yote ile ya asali inatoka kwenye pipa. Ikichuruzika kutoka mtamboni ni nyeupe kama maji. Niliposoma habari hizi nilicheka peke yangu. Yaani mabati yangu manne yameliwa na mahindi, na sisi tunaishi jirani na Handeni!

Nilijipanga kweli kweli. Nilitafuta chupa nyingine tatu: Jim Beam ya kawaida, Jack Daniel's, na Konyagi yetu. Jack Daniel's wenyewe hawaiiti bourbon, wanaiita wiski ya Tennessee, kwa sababu huichuja kwenye mkaa kabla ya kuilaza, ila nafaka yake ni mahindi kwa asilimia 80. Konyagi niliiweka kwa makusudi, kama mtego. Ikabidi watu wafungwe macho kabisa, maana Konyagi haina rangi, mtu akichungulia tu ameshajua. Nikatoa mitandio yangu yote kabatini.

Kila mtu vikombe vinne vidogo vya aina moja, namba chini kwenye plasta, na kila kikombe kijiko kimoja tu cha mezani. Zaidi ya vinne ulimi unakufa ganzi, unabaki unabahatisha. Katikati maji ya kawaida yasiyo ya baridi, na mihogo ya kuchemsha isiyo na chumvi ya kusafishia mdomo. Nilimimina mimi, halafu nikatoka nje, mchumba wa rafiki yetu wa benki akabandika namba na kuziandika kwenye karatasi. Uso wangu mimi ni kama redio, unatangaza kila kitu, kwa hiyo ilikuwa bora hata mimi nisijue.

Wageni wetu wengine walikuwa mume na mke kutoka Handeni. Shemeji ni bwana shamba, mkewe ni mwalimu. Ni kilomita kama 65 tu, lakini tulishapatana kwamba watalala, hakuna kuendesha usiku. Mke hanywi. Alikuja kutupa kampani, na alikaa jikoni na mimi akimenya mihogo kwa kasi ya kunitia aibu.

Wakati tunasubiri giza liingie, shemeji alikuwa kwenye chati. Alitueleza mahindi meupe na ya njano, akatueleza ukame, kisha akahamia kwenye gongo. Alisema wale wanawake wanaopika gongo huko vijijini wangefungwa wote, tena bila faini. Mimi niliitikia tu, si unajua tena, na kwa sheria zetu gongo ni haramu kweli. Mkewe alinyanyuka kwenda kuangalia sufuria. Wakati ule sikulitilia maanani.

Basi, tukafunga mitandio. Rafiki yetu wa benki, suti na tai kila siku, alinusa namba mbili kwa muda mrefu kama padri, akatangaza kwamba hii ni ya Scotland, tena ya zamani. Ilikuwa Konyagi. Mchumba wake alicheka mpaka akakaa chini.

Mume wangu akawa mtulivu sana. Alionja, akala muhogo, akaonja tena. Namba nne akaisukuma pembeni: "Hii ya bei rahisi, inakwangua koo." Namba tatu akaishika kifuani. "Mke wangu, hii hapa. Ningeitambua hata gizani."

Namba tatu ilikuwa Jim Beam. Ile iliyomkwangua koo ndiyo yenye nta nyekundu. Na kwa haki, ilikuwa na sababu ya kukwangua: ina kilevi asilimia 45, wenzake wa Marekani wana 40 na Konyagi 35. Ila haki hiyo sikumpa usiku ule. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Hapo ndipo mtu, nadhani ni mimi, akamwambia mwalimu naye anuse tu, si lazima anywe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akajifunga mtandio mwenyewe. Nilibadilisha vikombe, tukazibandua plasta na kuzibandika upya.

Hakuchukua hata dakika. Kikombe cha kwanza, cha pili, akakiweka cha tatu mbali. "Hiki hakina mahindi. Hivi vitatu ni ndugu, ni mahindi." Akarudia kimoja. "Hiki ndicho kinafanana kabisa. Kasoro mti, kimekaa kwenye mti."

"Kinafanana na nini?" akauliza mumewe, huku anacheka.

"Na ya mama."

Alikuwa bado amefumbwa macho, kwa hiyo hakuona sura ya mumewe. Sisi tuliiona. Akaendelea kwa sauti ile ile ya darasani: walikuwa watoto sita, baba alishaondoka, na miaka ambayo mvua iligoma mahindi machache yaliyopatikana yaliingia kwenye pipa kwa sababu yakiwa gongo yanazaa ada na yakiwa ugali yanaisha Jumanne. Yeye kazi yake ilikuwa kukaa barabarani na kupiga mluzi. Chupa ya kwanza kutoka kwenye mrija ilimwagwa, mama alikuwa mkali kwa hilo, hakutaka kuua mtu. Siku moja mluzi ulichelewa. Mama akakaa ndani miezi.

"Si uliniambia mama alikuwa anauza maandazi?" Miaka 11 ya ndoa, bwana, na hilo ndilo swali lililomtoka.

"Maandazi aliuza asubuhi."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mwanabenki alikuwa ameshika tai yake kama kamba ya kisima. Mwalimu akavua mtandio, akaukunja vizuri, akanirudishia, kisha akaanza kukusanya vikombe.

Sijui walisemezana nini. Kuta za nyumba za kupanga ni nyembamba, lakini nilijitahidi kutosikiliza, na nilishindwa. Kimya kirefu. Kisha sauti ya shemeji, chini chini: meupe au ya njano? Kisha ya mwalimu, kitu nisichokishika. Kisha wakanyamaza tena kwa muda ambao niliogopa. Karibu na alfajiri nilimsikia mmoja wao akilia, na haikuwa sauti ya mwanamke.

Mume wangu naye alikuwa macho. Akaninong'oneza kwamba kuna deni la benki ambalo hajaniambia, si kubwa, lakini lipo. Nikamwambia asubuhi. Akasema hapana, sasa hivi. Akanieleza, nikakasirika, nikalala nimekasirika.

Wakati wa kuondoka shemeji alinivuta pembeni, mkewe akiwa tayari kwenye gari. "Shemeji, kile kikombe alichosema kinafanana. Kilikuwa kipi?"

Nikaangalia karatasi. Jim Beam.

Akaandika kwenye simu. Akasema leo hawaendi moja kwa moja nyumbani, wanapitia kwa mama mkwe kwanza, na kama najua duka la hapa mjini linalofunguliwa Jumapili.