Picha 35 za Kilwa Kisiwani

Katika likizo ya shule ya mwezi wa Juni, Mwenyezi Mungu alitujaalia safari ya Kilwa Kisiwani. Hatukwenda kwa shughuli ya msikiti, ingawa tuliyoyaona huko yamerudi nasi mpaka ndani ya kikao cha kamati. Mzee mmoja wa msikitini kwetu, ambaye tangu ujana wake anapenda kupiga picha, alikuwa akiwapeleka wajukuu zake watatu mahali alipozaliwa marehemu bibi yao. Alituomba tufuatane naye, kwa kuwa magoti yake yamechoka na wajukuu wana mbio.

Begani alikuwa na kamera yake ya zamani, ya filamu. Filamu ile ina picha 36, na aliigawa kama mtu anayegawa mirathi: kila mjukuu picha 12, na yeye hana fungu. Simu aliwataka waziache Dar es Salaam. “Mkijua mna 12 tu,” aliwaambia, “mtatazama kwanza.”

Baada ya kupata kibali Kilwa Masoko, tulivuka mkono mdogo wa bahari kwa mashua. Jengo la kwanza kutulaki ni Gereza, ngome iliyosimama karibu na maji. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505, na Waomani wakaja kuijenga upya. Mbele kidogo ndipo ulipo Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11, na ile pana yenye makuba ni ya karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta alifika kisiwani hapa mwaka 1331, akauona mji huu ukiwa na neema yake. Tangu mwaka 1981 magofu haya yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wajukuu walitaka kupiga picha papo hapo. Babu yao aliwakalisha chini ya matao, akawaamuru wahesabu nguzo na watazame kivuli kinavyosogea ukutani. Ilipita nusu saa kabla ya mkono wowote kugusa kamera. Mjukuu mkubwa, aliyekuwa amenuna, ndiye aliyesema, “Babu, kumbe ukuta unabadilika rangi.” Mzee akampa kamera.

Tulipokuwa tukielekea kijijini, tulimkuta mama mmoja akiteka maji kisimani. Mjukuu wa kati, binti wa miaka 11, aliinua kamera akampiga picha bila ya kusema neno. Mama yule akavuta mtandio usoni. Mzee alisimama, akamshika mjukuu mkono, wakarejea hadi kisimani.

“Shikamoo, mzee wangu,” alisema yule mama.

“Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu amechukua kitu chako bila ya idhini. Tumekuja kuomba radhi.”

Mama alijibu kwa upole kwamba amesamehe, ila hapendi picha ile ionekane. Mzee akamwahidi kwamba filamu ikisafishwa, kipande hicho kitakatwa. Binti alilia njia nzima kwa picha yake moja iliyopotea. Mwisho akauliza, “Babu, kosa langu ni nini? Picha haimwumizi mtu.”

Hapo ndipo mzee alipowakalisha tena, chini ya mbuyu, akawaeleza jambo ambalo hata sisi hatukulijua. Katika miaka yote ya ndoa yao, bibi yao hakupenda kupigwa picha. Ipo moja tu ya kitambulisho, nayo aliusia isikuzwe wala isitundikwe. “Nilikuwa na kamera mkononi na mke ninayempenda mbele yangu,” alisema. “Mara ngapi alikuwa amekaa mlangoni na mwanga umemwangukia vizuri! Nikaiweka chini. Sasa amekwenda, na mimi sina picha yake. Inaniuma, lakini sijutii.”

Watoto walinyamaza. Kisha yule mdogo akasema, “Basi tupige alivyokuwa akiviona.”

Nyumba aliyozaliwa haipo tena. Umebaki mwinuko wa udongo na majani. Waliupiga picha mwinuko huo, na njia ya kwenda kisimani, na mbuyu, na ufuo alikopandia chombo siku alipoolewa. Kila mmoja alimwuliza babu yake, “Bibi alisimama wapi?” kisha akasimama hapo hapo. Mzee hakuwaelekeza tena namna ya kushika kamera.

Filamu iliporudi kutoka kusafishwa, tulialikwa nyumbani kwake. Kabla ya jambo lolote, alimpa binti mkasi, naye akakikata kipande kile mwenyewe. Zimebaki picha 35. Nyingine zimepinda, nyingine hazikupata mwanga wa kutosha. Zote zimo katika albamu yenye jina la bibi, ambamo bibi mwenyewe hamna.

Tunakiri kwamba tuliondoka pale na aibu. Sisi ndio tunaotunza picha za kamati, na kila Ramadhani tumekuwa tukiwapanga mstari wajane na mayatima, mfuko wa unga mikononi, tukawapiga picha ili wafadhili waone. Hatukuwahi kumwuliza hata mmoja. Tumesoma chuoni, katika Suratul Baqarah, kwamba sadaka huharibiwa na masimango na maudhi. Ikabidi tufundishwe tena na mzee na wajukuu wake.

Katika kikao kilichofuata tulipendekeza kwamba kuanzia sasa ipigwe picha ya mizigo, si ya nyuso, na zile za zamani ziondolewe katika ubao wa matangazo. Wajumbe wawili walihofia kwamba wafadhili watapungua, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo kikao kilikubali, na picha tumezibandua kwa mikono yetu. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi wa watoto wale, na atusitiri sote. Amin.