Mwenye Nyumba Akisema, "Toka"

Ndugu msomaji, mimi ni karani wa parokia hapa Kerenge. Nilisomea ualimu chuoni, ndiyo sababu watu huniita Mwalimu, ingawa kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Kwa sababu ya jina hilo huniletea barua zao niwasomee, na huniomba shauri. Leo nataka kukuambia shauri moja baya nililolitoa.

Mama mmoja kijana wa hapa kwetu alipanga chumba mjini Korogwe, akawa anashona nguo kwa cherehani yake. Kodi alilipa kila mwezi, mkono kwa mkono, bila karatasi. Ilipofika masika paa likavuja, vitambaa vya wateja vikalowa. Alipomwomba mwenye nyumba alitengeneze, akajibiwa, "Kama hupendi, toka. Nakupa siku tatu."

Akapanda basi akaja kwangu. "Shikamoo, Mwalimu. Nifanyeje?" Nami, bila kufungua kitabu wala kuuliza mtu, nikamwambia, "Nyumba ni ya mwenyewe, mdogo wangu. Omba radhi, ukikataliwa, toka kwa amani." Akatoka. Cherehani ikakaa barazani kwa jirani, wateja wakatawanyika, na kodi ya mwezi ule aliyokwisha kulipa haikurudi.

Habari ile ilinisumbua. Mwishowe nikatafuta Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, nikaisoma jioni kadhaa. Wazee husema kwamba sheria ya kodi ilifutwa, basi mpangaji hana lake tena. Ni kweli ile sheria ya kuzuia kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Lakini hii ya 1999 ipo. Yasema kwamba mpangaji anayelipa kodi na kushika masharti yake aachwe akae kwa utulivu bila kusumbuliwa na mwenye nyumba. Yasema tena kwamba aliyepangisha sehemu tu ya jengo, paa na kuta kuu ni juu yake kuzitunza. Na kama hamkutaja muda, nawe walipa kila mwezi, wewe ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Anayetaka utoke hana budi kukupa taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Siku tatu zile zilitoka wapi? Zilitoka mdomoni mwake tu, nami nikaziitikia.

Sisemi wenye nyumba wote ni wabaya. Shangazi yangu amepangisha vyumba viwili, na mpangaji mmoja alimtoroka usiku na deni la miezi mitatu. Asiyelipa kodi asiitafute sheria impe kimbilio.

Lakini ukionewa, usigombane mlangoni wala usitoke kwa hofu. Nenda kwanza Baraza la Kata. Zamani liliamua kesi. Tangu mwaka 2021 kazi yake katika mambo ya ardhi ni kupatanisha tu. Wasipowapatanisha katika siku 30, shauri laweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa, "Ulilipa lini? Nani alipokea?" Hapo ndipo mama yule angekwama, maana hakuwa na hata kipande cha karatasi. Basi, msomaji, ulipapo kodi omba stakabadhi yenye tarehe, kiasi, na sahihi ya aliyepokea. Mwenye nyumba hajui kuandika? Andika katika daftari lako, naye atie dole gumba mbele ya shahidi. Ukilipa kwa simu, usiufute ujumbe ule. Na ninyi wazazi wenye watoto waliopanga Korogwe au Tanga, mkiwatembelea waulizeni karatasi hizo, kama mnavyowauliza habari za afya.

Mama yule nilimwendea, nikamwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema yaliyopita yamepita, ila chumba kipya amekipata na mwenyewe amekubali kuandikiana. Tukaketi watatu, nikaandika nakala mbili: kodi, siku ya kulipa, taarifa ya kutoka. Nilipotaka kufunga kalamu akanizuia mkono. "Bado, Mwalimu. Andika na habari ya paa."