Chumvi ya Kambodia na Mpira wa Nyumbani



Tangu turudi kutoka mwaka wetu wa uchungaji huko Kambodia, sisi mafrateri wawili tumeulizwa maswali mawili kuliko mengine yote. Waamini wa parokiani huuliza: "Huko mlikuwa mnakula nini?" Wenzetu wa seminarini huuliza: "Na mechi mlikuwa mnazifuatiliaje?" Tutayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu mezani kwetu Phnom Penh yaligeuka kuwa swali moja.

Tuanze na sahani. Asubuhi Mkambodia hula wali kwa nyama ya nguruwe iliyochomwa taratibu juu ya mkaa, au supu ya tambi za mchele. Wapenzi wa kitimoto wasingepata shida kule. Mchana huja samlar machu, supu ya samaki yenye uchachu wa ukwaju. Siku ya sherehe hupikwa amok: samaki kwa tui la nazi, mchaichai na manjano, anayeivishwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Mtu wa Tanga au Unguja angekula akajihisi yuko kwao. Panzi na nyenje wa kukaanga tuliwala bila kusukumwa, maana mmoja wetu amekulia Kagera kwenye senene. Buibui wakubwa wanaouzwa Skun, kando ya barabara kuu, tuliwaonja mara moja tu na kumshukuru Mungu.

Kilichotupa kazi ni prahok. Ni samaki wadogo wa ziwa Tonle Sap na mito yake, wanaopondwa, kutiwa chumvi nyingi na kuachwa mtungini hadi wachache. Harufu yake hutangulia kufika kabla ya chakula. Lakini bila prahok, mchuzi wa Kikhmer haujawa mchuzi. Ni akiba ya maskini kwa miezi ambayo samaki ni wachache, kama dagaa wa Mwanza walivyo akiba ya nyumba nyingi kwetu.

Aliyetufundisha kuila ni mpishi wa nyumba tuliyokaa, bibi aliyevuka miaka sabini. Tulimwita Yeay, yaani bibi. Ni Mbudha, kama walivyo Wakambodia wengi. Kila alipotuona alituuliza kwa Kikhmer: "Mmeshakula wali?" Ndivyo watu wa kule wanavyojuliana hali, nasi tulizoea kujibu ndiyo na kupita.

Sasa mpira. Kambodia iko mbele ya Tanzania kwa saa nne. Mechi inayoanza saa kumi na moja jioni Dar es Salaam, kule ni saa tatu usiku. Ya saa moja usiku, kule ni saa tano. Padre mlezi alituruhusu mechi kubwa tu. Tulikuwa na simu moja, intaneti ya kusuasua, na matangazo yaliyokatika kila mpira ulipokaribia goli. Mmoja wetu ni Simba, mwingine ni Yanga. Hatutasema nani ni nani, maana tunataka kuendelea kupata chai katika nyumba zote za parokia.

Mmisionari mmoja mzee, mtu wa sala tunayemheshimu sana, hakufurahia jambo hilo. Alituambia kwamba anayelala na kelele za kwao masikioni hawezi kuamka akiwa mtu wa hapa. Ni neno zito. Tulilitafakari kwa wiki kadhaa, na tukafikiria kuizima simu hadi siku ya kurudi.

Ikafika tarehe 25 Mei 2025, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika. Simba walikuwa wamefungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, na sasa walikuwa wenyeji katika uwanja wa Amaan, Zanzibar. Yule wa Yanga aliketi naye, akijitahidi kuwa mzalendo kwa kadiri neema ilivyomjalia. Yeay alisikia kelele zetu, akaja kuuliza ni nani wanaocheza. Tukamwambia timu yetu ni Simba, kwa Kikhmer tao. Akacheka. Simba aliowajua yeye ni wa mawe, wanaolinda ngazi za mahekalu ya Angkor. Akataka kujua kama kweli kwetu wapo wanaotembea. Akavuta kiti.

Mechi iliisha 1-1, na kombe likaenda Morocco. Tulinyamaza. Yeay akaingia jikoni, akarudi na mabakuli ya bobor, uji wa mchele wenye kuku na tangawizi. Tulipokuwa tukila, akatueleza kwa maneno machache kuhusu uji mwingine. Wakati wa utawala wa Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, ilikuwa marufuku kujipikia. Watu walikula katika jiko la pamoja, na mara nyingi walichopewa ni maji ya moto yenye punje za mchele ambazo mtu angeweza kuzihesabu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Alizika ndugu wawili.

Kanisa nalo lilipita humo. Joseph Chhmar Salas, Mkambodia wa kwanza kuwa askofu, aliwekwa wakfu tarehe 14 Aprili 1975, siku tatu kabla Phnom Penh haijatekwa. Alifia shambani uhamishoni, kwa njaa na kazi ngumu. Kanisa kuu la mji lilibomolewa. Wakristo waliruhusiwa kuadhimisha tena hadharani Pasaka ya 1990.

Baada ya usiku ule, "Mmeshakula wali?" haikuwa tena salamu ya kupita. Naye Yeay aliongeza swali lake la pili kila Jumatatu: "Mmeshinda?"

Aristotle, anapozungumzia urafiki, anakumbusha methali ya watu wake kwamba watu hawajuani kabla hawajala chumvi pamoja. Waswahili nao husema mzee amekula chumvi nyingi. Yeay amekula chumvi nyingi, na alitugawia. Lakini chumvi huliwa pamoja pale kila mmoja anapoleta kitu mezani. Sisi hatukuwa na fedha wala hekima ya kumpa. Tulikuwa na furaha na majonzi ya nyumbani, na aliyapokea. Mtakatifu Thomas wa Akwino huhesabu heshima kwa wazazi na nchi kuwa fadhila. Kwa hiyo tunamjibu yule mzee wetu kwa unyenyekevu: kelele za kwetu zilimwita jirani akae nasi, na hapo ndipo tulipoanza kuwa watu wa pale.

Katika Luka sura ya 10, Yesu anawaagiza wanafunzi wale wanachoandaliwa, waponye wagonjwa, kisha watangaze Ufalme. Kula kunatangulia.

Wapendwa, parokia zetu nazo zina wageni: padre kutoka India, sista kutoka Korea, mwalimu kutoka mkoa wa mbali. Huwa tunawapa ugali na kuwasifu wakiumaliza. Tuwaulize pia timu yao ni ipi, na inacheza lini. Kisha tuvute kiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone.